Sori ya Pole au Sori ya Samahani?

Shangazi alinitumia asali kutoka Tabora, dumu la lita 5, ile nyeusi inayokwaruza koo. Basi likaingia Mbezi saa tano usiku. Buti lilipofunguliwa nikalikuta dumu limelala ubavu chini ya gunia la mchele, limepasuka pembeni, asali imetambaa hadi kwenye begi la abiria mwingine ambaye tayari alikuwa ananikodolea macho kana kwamba mimi ndiye niliyempakaza. Zilibaki lita moja na nusu, kama zilifika. Kijana wa mizigo akaliangalia dumu, akaniangalia mimi, akarudisha macho kwenye simu yake.

"Sori, dada."

Nikamuuliza, "Sori ya pole au sori ya samahani?"

Sikuwa nimepanga kuuliza hivyo, ilinitoka tu. Akafikiri. Nampa haki yake, alifikiri kweli, hata kidole kikasimama juu ya kioo cha simu. Kisha akajibu, "Sori tu."

Nimelala na jibu hilo siku nne sasa. Kijana yule, bila kujua, alilieleza neno hilo vizuri kuliko mwalimu yeyote wa Kiingereza aliyewahi kunishikia chaki. Ni sori tu. Siyo pole, siyo samahani. Liko katikati, mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kukukamata.

Tuanze na ukoo wake, yaani ukoo wa sorry ya Kiingereza. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa sārig, lililotokana na sār, yaani kidonda, maumivu. Ndugu yake wa tumbo moja ni sore, yaani -enye kuuma. Wengi wetu, na Waingereza wengi pia, hudhani ndugu yake ni sorrow, yaani huzuni. Hapana. Sorrow ilitoka kwenye sorg, ukoo mwingine kabisa, ila maneno haya mawili yamekaa jirani karne nyingi mpaka yamefanana sura, kama mume na mke waliozeeka nyumba moja. Mjerumani naye alibaki na jamaa wa sār, ni lile sehr lao la kusema "sana", ambalo zamani lilikuwa na maana ya "kwa maumivu". Kwa hiyo Mjerumani akikwambia chakula ni kitamu sana, chini ya hiyo "sana" kuna kidonda kilichopona zamani. (Tangu nilijue hilo nacheka peke yangu.)

Mtu aliyekuwa sārig, basi, alikuwa mtu anayeumia. Haikuwa lazima awe amemkosea mtu. Baadaye neno likazaa watoto wa kila namna. Kuna hali iliyo sorry, yaani duni, ya kutia aibu ukiitazama. Kuna "Sorry?" ya mtu ambaye hakukusikia na anataka urudie. Kuna ile ya kumpita mtu kwenye mlango wa lifti. Sina ugomvi na hao.

Ugomvi wangu ni na sarufi. Ukisema "I am sorry" unatumia kivumishi, na kivumishi hicho kinakuhusu wewe msemaji. Unatoa taarifa ya hali yako ya moyoni, kama mtu anayesema ana njaa au amechoka. Aliyeumizwa hayumo ndani ya sentensi. Sasa itazame samahani. Ilikuja na Kiarabu, na ile "-ni" ya mwisho ni "mimi". Unamwambia mwenzako anisamehe. Kumradhi ni hivyo hivyo: kun radhi, kuwa radhi, na anayeambiwa awe radhi ni yeye, si wewe. Hilo ni ombi, na ombi lina mtu wa pili, na mtu wa pili anaweza kukataa. Ukimwomba mtu msamaha umemkabidhi rungu.

Pole ndiyo imetoka nyumbani, ni ya ukoo wa upole na polepole. Haidai chochote. Pole na kazi, pole na safari, poleni kwa msiba, na mwenzako atajibu "asante" au "nimeshapoa", basi, mmemalizana. Asiye na kosa ndiye huisema bila woga wowote. Nilipompigia shangazi kumweleza habari ya asali, neno lake la kwanza lilikuwa "Pole, mwanangu". Shangazi yuko Tabora. Hajaligusa basi. Pole yake ilikuwa halali kabisa, na nikapoa.

Mswahili basi alitenganisha: kuna neno la anayeshiriki maumivu na kuna neno la aliyeyasababisha. Halafu tukaiokota sori, tukaipa tahajia ya Kiswahili, na kuiacha ile kazi ngumu ya kuchagua.

Asubuhi iliyofuata kampuni ya basi ikanitumia ujumbe. Mnaujua, mnao kwenye simu zenu, umetoka benki, umetoka mtandao wa simu, umetoka kwa watu wa maji. "Ndugu mteja, tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza." Nataka tuusome polepole, kwa sababu sentensi hii imeandikwa na fundi. "Tunaomba radhi", sawa, hapo ni Kiswahili safi, nilikaribia kulainika. "Kwa usumbufu." Siyo kwa dumu, siyo kwa asali. Usumbufu ni mbu. "Wowote." Yaani hawana hakika kama ulikuwepo, lakini kama kwa bahati mbaya kuna mteja ana tabia ya kusumbuka, basi na yeye anajumuishwa. Halafu taji lenyewe: "uliojitokeza". Ulijitokeza! Usumbufu ulikuwa umekaa kwao, ukaoga, ukavaa, ukapanda basi kwa miguu yake, ukajitokeza. Hakuna aliyeliweka gunia la kilo mia juu ya dumu la plastiki. Lugha yetu ina kiambishi cha nafsi mwanzoni mwa karibu kila kitenzi, si rahisi kukiri kosa bila kumtaja mkosaji, "nimekosa", "tumekosa", lakini watu wa huduma kwa wateja wamegundua mlango wa nyuma na mlango huo unaitwa "-ji-".

Hawakuutengeneza wenyewe. Wametafsiri barua ya Kiingereza, ile ya any inconvenience. Ndiyo maana radhi yao inanukia sori.

Na wakubwa wa dunia wanaujua mchezo huu kuliko wenye mabasi. Aprili 1, 2001, ndege ya kijasusi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa China, Wang Wei, akafa. Wamarekani 24 wakatua Hainan na kushikiliwa siku 11. China ilitaka kuombwa radhi, Marekani haikutaka kuomba. Kilichowatoa wale watu ni barua yenye "very sorry" mbili: moja kwa familia ya rubani na watu wa China, nyingine kwa ndege kuingia na kutua bila ruhusa ya mdomo. Beijing ikawaambia watu wake kwamba Marekani imeomba radhi. Washington ikawaambia wa kwake kwamba haijaomba radhi yoyote. Na wote wawili walikuwa wanasoma barua ileile! Jaribu kufanya hivyo kwa Kiswahili. Mtarjumani angelazimika kuandika ama pole ama samahani, na wale vijana 24 pengine wangekaa Hainan hadi Krismasi. (Hapo, ndiyo, neno lisiloeleweka liliwarudisha watu kwa mama zao. Nalikubali kwa shingo upande.)

Karibu na nyumbani. Juni 2013 serikali ya Uingereza, kupitia waziri wake wa mambo ya nje, William Hague, ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 waliodai kuteswa wakati wa Mau Mau, pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za mawakili. Alisema serikali inajutia kwa dhati. Katika hotuba hiyohiyo akasema wanaendelea kukana kuwajibika kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Miaka kumi baadaye, Oktoba 31, 2023, Mfalme Charles akiwa kwenye dhifa Ikulu ya Nairobi alisema maovu ya zamani yanampa huzuni kubwa na majuto makubwa, tena akaongeza kuwa hayana kisingizio. Maneno mazito. Lakini angalia alichochagua: sorrow na regret. Huzuni na majuto. Hata sorry hakuifikia, alisimama mlango wa jirani! Aliwapa Wakenya pole, pole nzuri yenye nakshi, kama mtu aliyepita njia akakuta msiba.

Kesho yake tu, Novemba 1, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea kwenye makumbusho ya Maji Maji, mbele ya kizazi cha Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani 1906. Alisema anaona aibu, na akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea mababu wa watu waliokuwa mbele yake. Fidia hakuitaja vya kutosha kwa ladha yangu, na fuvu la Nduna, linaloaminika kupelekwa Ujerumani, linatafutwa bado. Lakini aliomba. Aliwakabidhi watu wa Songea rungu. Siku mbili mfululizo, nchi mbili jirani, wageni wawili, na ukitaka kuwafundisha watoto tofauti ya pole na samahani huna haja ya kitabu.

Najua mtaniambia Kiswahili nacho hakijatulia. Kweli. Samahani tumeichosha, tunaitumia kuulizia saa. Na kondakta akikukanyaga kidole kwa kiatu kizima atakwambia "pole", yaani yeye ndiye aliyekanyaga na yeye ndiye anayekuhurumia. Huyo sijui tumuweke kundi gani.

Binamu yangu anayeishi Uingereza ana shida ya upande wa pili. Mtu akijikwaa mbele yake barabarani, kinamtoka "Sorry!", kwa sababu moyoni anasema pole, na yule Mwingereza anamshangaa: kwani umenisukuma wewe? Lakini Mwingereza huyohuyo akienda kwenye mazishi atasema "I'm sorry for your loss" bila kudhaniwa kuwa yeye ndiye muuaji. Kwa hiyo maana ya pole wanayo, wanaivaa na suti nyeusi tu. Waaboriginali, wenyeji wa asili wa Australia, ndio walioitendea haki: kwao "sorry business" ni msiba, shughuli nzima ya maombolezo. Waziri Mkuu John Howard alikataa kuwaomba msamaha kwa watoto waliochukuliwa kutoka kwa wazazi wao, akapitisha bungeni mwaka 1999 tamko la majuto. Waziri Mkuu aliyemfuata, Kevin Rudd, akaja kulisema neno lenyewe bungeni Februari 13, 2008, na kabla ya kulitamka alisema wanaomba radhi, hivyo hapakuwa na pa kujificha.

Mimi nililelewa kanisani, kwenye misa ya Kiswahili, na mkono kifuani: nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana. Mara tatu, na "mimi" mara mbili, ijapokuwa "ni-" ingetosha. Bibi yangu mzaa mama, Mwislamu, kila Ramadhani ikikaribia alipita nyumba kwa nyumba kutaka radhi kwa majirani, akiwa mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akimtukana hata kuku. Hakuna kati yao aliyesema kuna jambo limejitokeza.

Jana usiku nikaufungua tena ule ujumbe wa kampuni, nikaandika: "Nani aliliweka gunia?" Nikautuma. Simu ikatetemeka baada ya sekunde mbili. Ujumbe wako haukutumwa, namba hii haipokei majibu.