Kwaresima hii kinanda kipumzike jamani

Nasema hili kwa mapenzi kabisa na wanakwaya wenzangu, maana na mimi naimba besi. Hivi kwanini kwenye parokia nyingi Kwaresima inasikika sawasawa na Pasaka? Aleluya tumeacha, wimbo wa Utukufu hatuimbi, padre kavaa zambarau, maua altareni hamna, lakini wimbo wa mwanzo ukianza tu kinanda kinaingia na biti ile ile ya harusi, ngoma juu, na kiitikio kikiisha mpiga kinanda anaweka mbwembwe zake weee watu wanamsubiri amalize ndo ubeti uendelee.

Maelekezo ya Misale ya Kiroma, kile kitabu cha sala za Misa, namba 313 yako wazi, Kwaresima vyombo vinapigwa kwa ajili ya kusaidia uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne ile ya furaha, na sherehe na sikukuu. Kusaidia maana yake kwaya isipoteze sauti, basi. Sio utangulizi mrefu, wala kinanda kupiga peke yake watu wakiwa kwenye foleni ya komunyo.

Kinachoumia zaidi ni wimbo wa katikati, ile zaburi inayoimbwa kati ya masomo. Chukua Zaburi ya 51 ya Jumatano ya Majivu, mtu analia na Mungu wake, dhambi yangu i mbele yangu daima, maneno mazito hayo, halafu chini yake biti inadunda mpaka waumini wanatikisa mabega, sasa hapo nani kasikia alichoomba? Ile ni sehemu ya Neno la Mungu kama somo lenyewe.

Wapo wanaosema bila biti vijana watasinzia. Mimi sikubali. Kwani Ijumaa kwenye Njia ya Msalaba nani anapiga kinanda? Kwetu hamna, mama mmoja anaanzisha tu akiwa benchi la mbele, kituo kwa kituo, na kanisa zima linaitikia hadi watoto, kwa sauti ambayo Jumapili na spika zote zile siisikii kabisa.

Walimu wa kwaya nawaomba, mazoezi ya wiki hii zimeni kinanda, mwalimu atoe sauti kwa mdomo, sauti nne zisikilizane zenyewe. Ikifika sherehe ya Mtakatifu Yosefu na ile ya Bikira Maria Kupashwa Habari, kwa kawaida tarehe 19 na 25 Machi, Utukufu unaimbwa siku hizo, hapo pigeni kwa nguvu zote na ngoma mlete.