Justine hakuwa mjinga, alikuwa dada wa kazi

Nilimwazima mtu Frankenstein, ile riwaya ya kutisha ya Mary Shelley, juzi karudisha na neno moja tu, eti Justine mjinga, nani anakiri kuua mtoto ambaye hajamuua. Limeniuma mpaka leo.

Jamani, yule ni dada wa kazi. Mtoto wa nyumba ameuawa, kidani cha mtoto kinakutwa mfukoni mwa huyu dada na hajui kimefikaje, padri anambana, anamtishia kumtenga na kanisa na moto wa jehanamu mpaka anakiri. Na Victor, kaka wa huyo mtoto, anajua! Anajua muuaji ni kile kiumbe alichokiunda kwa mikono yake mwenyewe, na ananyamaza kwa sababu wataona ni kichaa. Binti wa watu anauawa, yeye anabaki na majuto yake kwenye nyumba ya baba yake. Kitabu kimetoka 1818 na bado wasomaji tunamlilia Victor.

Niliwahi kulinda jengo usiku. Nikasikia kiti kinaburutwa ghorofa ya juu, ghorofa niliyoifunga mwenyewe, asubuhi nikamwambia msimamizi, akaniuliza nimekunywa nini. Usiku wa pili kiti kikaburutwa tena na sikusema kitu, mkataba ulikuwa unakaribia kuisha na niliutaka mwingine. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini watumishi kwenye hizi hadithi za kutisha hawakimbii tu, damu inachemka. Wakimbilie wapi? Mwenye nyumba akiogopa anapanda gari la farasi anaenda nyumba yake nyingine, mtumishi akiondoka anaacha mshahara, kitanda na ile barua ya sifa ambayo bila hiyo hakuna atakayemwajiri.

Dickens alilielewa hili kwenye ile hadithi yake ya 1866, ya mtu wa ishara za reli. Mzuka unamtokea mdomoni mwa handaki, ameshaona kwamba ukitokea unafuatwa na msiba, anataka kuonya kwa telegrafu ila atasema nini, akituma neno hatari bila sababu watamwondoa kazini. Anabaki kwenye zamu yake mpaka treni inamuua. Mimi hapo ndo nilipoogopa kweli, mzuka wenyewe haukunitisha hivyo.

Haya, Nelly Dean, mtumishi, anasimulia sehemu kubwa ya riwaya ya Wuthering Heights, nakubali, lakini anasimulia maisha ya mabwana, ya kwake tunaokota vipande.

Hadithi za kutisha za vijijini ndo zinanikera zaidi, maana humo mkulima ndiye jini lenyewe. Filamu ya The Wicker Man ya 1973, watu wanakumbuka wanakijiji wakiimba huku polisi anaungua. Nani anakumbuka Lord Summerisle, bwana mwenye kisiwa, anavyoeleza mwenyewe kwamba babu yake alikinunua kisiwa 1868, akawarudishia watu miungu ya zamani ili wachangamkie kilimo chake cha matunda? Dini ile ililetwa na mwenye ardhi, tena kwa ajili ya mavuno! Mazao yakagoma, akachomwa mgeni, bwana akawa pale pale anaongoza ibada.

Kitabu nimempa tena yule mtu. Nimemwomba asome sura ya kesi peke yake, na safari hii asimtazame Justine, amtazame Victor, alivyo humo humo mahakamani, na mdomo anao.