Msituambie tupumzike halafu mtuachie mtungi

Alhamisi iliyopita saa kumi na moja jioni shangazi yangu aliingia kutoka Ahero, akanikuta sebuleni, simu nimeiegemeza kwenye pakiti ya unga, nainuka na kuketi kwenye kiti cha mbao pamoja na wanawake wengine saba walio kwenye skrini, wagonjwa wa moyo kama mimi, tukifanya mazoezi. Alishtuka. "Nyathina, mwanangu, unataka kujiua? Moyo mgonjwa unauchezesha hivyo?" Nikazima simu kwa heshima yake. Robo saa haijaisha, akaniomba nimwingizie jikoni mtungi wa maji wa lita 20 aanze kupika.

Nampenda shangazi, sikumjibu. Lakini jambo hilo limeninyima usingizi, kwa sababu si lake peke yake. Tangu nijulishwe kwamba vali ya moyo wangu imeharibika, kila mtu ananiambia nipumzike: majirani hapa Nyalenda, Kisumu, wenzangu kanisani, hata mhudumu mmoja wa kliniki aliyeniandikia dawa bila kuinua macho. Hakuna aliyeuliza nani atateka maji, nani atafua, nani atambeba mtoto. Mwanamke mwenye ugonjwa wa moyo huku kwetu hapumziki. Anabeba kilo 20 kwa mkono mmoja, pumzi amezibana, na hakuna anayemtazama. Mazoezi haya anayotishwa nayo ndiyo kazi pekee ya mwili anayoifanya huku mtu akimwangalia.

Na tunaangaliwa kwelikweli. Fizio wetu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayetuongoza kwa simu, hatuambii turuke. Tunaanza kwa dakika kumi za kunyoosha mikono na kutembea papo hapo, halafu kuinuka na kuketi, halafu visigino juu, visigino chini, na mwishoni tunapunguza mwendo polepole, hatukatizi ghafla. Wengi wetu tunameza dawa za kupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo kuyahesabu mkononi hakutoshi. Yeye anatusemesha. Ukiweza kuongea lakini kuimba huwezi, uko sawa. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, unaacha hapo hapo.

Mwezi uliopita alimuuliza dani (bibi) mmoja wa Ugunja amepika nini. Dani akasema, "Ome..." akavuta pumzi, "...na." Omena, dagaa tu, neno moja likamkata pumzi. Sote tukanyamaza. Aliombwa aketi, aelekeze simu miguuni, abonyeze kifundo cha mguu kwa kidole gumba. Alipokitoa kidole, shimo lilibaki. Tuliliona sote, kila mtu akiwa kwake. Kesho yake mkaza mwana wake akampeleka kliniki, akaongezewa dawa ya kutoa maji mwilini. Nyumbani walikuwa wakisema ni uzee. Angekuwa amepumzishwa chumbani, nani angemuuliza amepika nini?

Wengi wetu ugonjwa ulianza na koo la utotoni ambalo halikutibiwa, homa ikapita, vali zikabaki na makovu. Unaishi nao hujui. Kisha unapata mimba, damu mwilini inaongezeka karibu nusu, na moyo unashindwa kuisukuma. Mimi nilijua nikiwa na mimba ya miezi saba. Ndiyo maana nataka kundi la wanawake peke yao. Kuna binti mmoja aliyepasuliwa kifua, hajawahi kuonyesha kovu lake popote ila kwetu, na maswali yake ya kuzaa hawezi kuyauliza mbele ya wanaume.

Nakubali, si kila mgonjwa anafaa kuanza leo. Anayekosa pumzi akilala chali, anayezimia, ambaye vali yake imebana sana na haijatibiwa, huyo daktari amwone kwanza. Nakubali pia kwamba bando ni pesa, na wawili kati yetu hutegemea simu za waume zao, mume akichelewa kurudi hawapo. Lakini mazoezi ya wagonjwa wa moyo hospitalini ni mara mbili au tatu kwa wiki, wiki baada ya wiki. Kutoka hapa hadi hospitali ya Eldoret na kurudi, nauli hiyo nani anayo? Na watoto anawaachia nani?

Ninachotaka ni kwamba mwanamke akitoka kliniki ya moyo, kadi yake iandikwe mazoezi kama inavyoandikwa vidonge: yapi, dakika ngapi, na nani atamwangalia. "Pumzika, mama" si matibabu. Nimeambiwa hivyo miaka minne, na miguu yangu ilikuwa imeanza kunitetemeka nikipanda ngazi tatu za kanisa. Sasa nazipanda nikiongea.

Shangazi bado yuko kwangu. Nimemwomba kesho jioni asikitoe kile kiti cha mbao sebuleni, na mtungi tuugawe kwa ndoo ndogo, mimi na yeye.