Leba za Nyanda za Juu zipate joto

Mwezi wa sita na wa saba, ukianzia Mafinga kwenda Njombe na kupanda Makete mpaka Kitulo, kila mtu hupanga maisha yake kwa kuitazama baridi. Makoti ya mtumba hununuliwa mapema. Wakulima wa viazi huamka alfajiri wakihofia umande umeganda na kuunguza majani. Vijana wa bodaboda huvaa makoti mawili, glovu na kofia ya sufi chini ya helmeti. Shule, baa na vituo vya mabasi vyote vinajua kuwa msimu umeingia. Chumba cha kujifungulia peke yake ndicho hakijui, na humo ndimo binadamu anaingia duniani akiwa uchi tena ameloa.

Nimeanza hivi kwa sababu tunapozungumzia uzazi salama huku kwetu, mazungumzo huwa ya barabara mbovu, damu, dawa na uhaba wa wakunga. Yote hayo ni kweli na yaendelee kusemwa. Baridi haisemwi. Imezoeleka mno kiasi kwamba tunaiona kama sehemu ya mandhari, pamoja na ukungu na misitu ya misindano.

Mtoto anatoka kwenye joto la nyuzi 37 tumboni mwa mama. Shirika la Afya Duniani linataka chumba anachozaliwa kiwe na nyuzi 25 hadi 28. Nani amewahi kuingia leba ya zahanati Makete usiku wa Julai akakuta joto hilo? Nje ni chini ya nyuzi 10, sakafu ni ya marumaru au saruji, na hita hakuna. Mtoto akiachwa bila kukaushwa na kufunikwa, ndani ya dakika 10 hadi 20 za kwanza joto la mwili wake linaweza kushuka kwa nyuzi 2 hadi 4. Anatakiwa abaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, kwa hiyo hesabu ni fupi sana.

Mtu mzima akisikia baridi hutetemeka, mwili ukapata moto. Mtoto mchanga hana uwezo huo. Anachoma mafuta maalumu aliyozaliwa nayo shingoni na mgongoni kati ya mabega, na kuyachoma kunakula oksijeni na sukari yake. Vikipungua, analegea, hanyonyi, na kwa kuwa hanyonyi sukari inazidi kushuka. Nyumbani watu husema, "Huyu mtoto mpole kweli, halii." Upole wa namna hiyo unapaswa kututia hofu. Shika nyayo zake na tumbo lake. Vikiwa vya baridi vyote viwili, mtoto huyo yuko hatarini hata kama amefungwa mablanketi matatu.

Nilimsindikiza mdogo wangu kujifungua katika kituo kimoja cha huku juu, usiku wa Julai. Nesi aliyekuwa zamu alikuwa peke yake na alifanya kazi yake kwa moyo. Aliponiita nipeleke khanga niliona dirisha la vioo vya kupachika, kioo kimoja hakipo, pazia linapepea. Mtoto alikaushwa vizuri, kisha akawekwa kwenye mzani, kwenye sahani ya chuma tupu, hakuna hata kitambaa kilichotandikwa. Alishtuka akatupa mikono juu. Akavishwa, akalazwa kwenye meza ya pembeni wakati mama anashughulikiwa. Hakuna aliyekosea kwa makusudi pale. Kituo kilijengwa kama kituo kingine chochote nchini na nesi alikuwa na alivyopewa.

Khanga zenyewe nazo zina jambo lake. Tunaambiwa kliniki twende na vifaa, nasi kwa upendo tunanunua doti mpya kabisa na kuitunza ndani ya mfuko mpaka siku ya uchungu. Khanga mpya ina wanga, inateleza juu ya maji badala ya kuyanywa. Unamfuta mtoto, anabaki na unyevu, na unyevu ukikauka mwilini unaondoka na joto lake. Zifuliwe mara mbili au tatu kabla, zianikwe juani, na ziwe angalau tatu: ya kumkaushia, itakayoondolewa hapo hapo ikiwa imeloa, ya kumfunika akiwa kifuani kwa mama, na ya akiba. Kofia na soksi za sufi zinafumwa na mama zetu huku huku Njombe kwa bei ndogo. Maneno kama haya ndiyo ningependa yasikike kliniki, sambamba na ile orodha ya glovu na pamba.

Halafu kuna suala la kuoga. Mwongozo ni kusubiri saa 24. Kwetu kumwogesha mtoto siku hiyo hiyo kunaonekana ni usafi na heshima, na nyuma yake kuna aibu ambayo wanawake huielewa bila kutajiwa: ule utando mweupe anaozaliwa nao mtoto. Wapo wanaoamini ni ushahidi kwamba mama alikutana na mumewe mimba ikiwa kubwa. Binti anaona haya mbele ya mama mkwe, anamwomba nesi, "Nisaidie mtoto aoge kabla hawajamwona." Utando ule unatokana na ngozi ya mtoto mwenyewe, unailinda ngozi hiyo, na hauhusiani kabisa na mambo ya chumbani. Bibi na mama mkwe wakiambiwa hivyo kwa heshima, mapema, wakati wa kliniki, watakuwa walinzi wakali kuliko nesi yeyote. Nimeona mabibi wa Kibena wakikataza wageni kufungua mlango wa chumba cha mzazi. Baridi wanaifahamu, kilichobaki ni kuwaambia kwamba maji nayo ni baridi.

Kwa nini naling'ang'ania jambo hili? Tazama takwimu za nchi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta watoto 67 kati ya 1,000 waliozaliwa hai wanafariki kabla ya kutimiza miaka 5. Ule wa 2022 ukakuta 43. Vifo vya akina mama vilikadiriwa kushuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Hayo ni mafanikio, na wakunga wetu wana haki ya kuyajivunia. Lakini vifo vya siku 28 za kwanza vilikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000, vikawa 24. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya watoto tunaowapoteza kabla ya miaka 5 tunawapoteza ndani ya mwezi wa kwanza. Sisemi wanauawa na baridi. Wanakufa kwa kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, kwa kuzaliwa njiti, yaani kabla ya wakati, na kwa maambukizi. Ila katika kila moja ya hayo, mtoto aliyepoa ana nafasi ndogo zaidi ya kupona.

Kwa njiti dawa ipo na haihitaji umeme. Huduma ya kangaroo ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipozidiwa na watoto huku vifaa vya kuwatunzia ni vichache: mtoto alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, amefungwa kitambaa. Kwa miaka mingi ilishauriwa asubiriwe kwanza atulie. Mwaka 2021 yakachapishwa matokeo kutoka hospitali 5 za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, kwa watoto wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walifariki asilimia 12. Waliosubirishwa, asilimia 15.7. Tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo: kuanza mara moja, saa 8 hadi 24 kwa siku.

Saa 8 hadi 24 zinahitaji kitanda cha mama, si benchi. Zinahitaji pia watu nyumbani. Sheria ya kazi imeanza kumfikiria mama wa njiti kwa kumwongezea likizo, na nashukuru kwa hilo, lakini mama wa Bulongwa, huko Makete, anayelima viazi na pareto hana mwajiri wa kumwandikia barua. Likizo yake iko mikononi mwa mumewe, mama mkwe na mawifi. Wasipompikia na kumvunia, atamshusha mtoto kifuani siku ya tatu akachimbe viazi.

Madiwani wetu nao wana kazi. Ramani ya kituo cha afya ni ya taifa zima: kikijengwa Makete kinafanana na cha Kibaha. Basi kwa Njombe, Makete, Mufindi, Rungwe na Mbeya vijijini kuwe na nyongeza: madirisha yanayofunga kabisa, dari, kipimajoto cha ukutani leba, hita kwenye chumba hicho kimoja chenye umeme wa uhakika. Chumba kimoja tu. Na bila hita, kufunga madirisha, kuzuia upepo na kumweka mtoto kifuani kunafanya kazi kubwa. Wasithubutu kuingiza jiko la mkaa ndani. Kila msimu wa baridi tunazika watu waliolala na mkaa chumba kimefungwa, na hewa ile ya sumu haimbagui mzazi wala kichanga.

Kuna safari pia. Namba 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura, inapigwa bure, na gari linatafutwa kwa ajili ya mjamzito, mzazi au mtoto mchanga mwenye dharura. Kutoka Tandala au Bulongwa kwenda hospitali kubwa ni mwendo wa milima, mara nyingi usiku. Mtoto asilazwe peke yake kwenye kiti ndani ya furushi la mablanketi, kwa sababu blanketi halitoi joto, linatunza lililopo, na yeye hana. Asafiri kifuani kwa mama. Mama akiwa hajiwezi, baba afungue vifungo vya shati, ambebe yeye.