Mwalimu wa mdogo wangu, na Foster kabla yake

Asanteni kwa makala hii ya walimu wa viziwi, ila Andrew Foster hamkumtaja, na hilo siwezi kuliacha lipite. Alikuwa Mmarekani mweusi, aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 11 kwa homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi Accra, Ghana, akianzia darasa la kuazima, wenye nalo wakishaenda nyumbani. Hadi anafariki kwa ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987, alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 barani Afrika. Na waliosoma kwake wakawa walimu, nao wakafundisha wengine.

Mdogo wangu ni kiziwi. Mpaka anafikisha miaka 9, nyumbani tulikuwa na ishara tatu tu: kula, njoo, lala. Jumamosi moja mwalimu wake, naye kiziwi, alikuja kwetu, akakaa na mama mkekani, akamkunja vidole kimoja kimoja mpaka mama akaweza kutaja jina la mwanawe kwa alama za vidole, herufi moja moja. Dogo aliutazama ule mkono, kisha akamgusa mama kifuani na kuuliza kwa alama: na wewe unaitwa nani? Miaka 9, hajui jina la mama yake!

Mkiandika tena, wahojini walimu viziwi wenyewe. Na serikali iwaajiri zaidi. Watoto hawa wanahitaji kumwona mtu mzima kama wao amesimama mbele ya ubao.