Wanaokuja kujitolea vijijini: nani aliwaita?

Kuanzia Juni hadi Agosti, ukiwa Moshi au Arusha huwakosi. Vijana kutoka Ulaya na Marekani, wengi wa umri wa chuo, wamevaa fulana za kampuni iliyowaleta, wanapakiwa kwenye Noah kwenda kijiji fulani cha Hai au Arumeru. Wamelipa ili waje kufanya kazi. Watakaa wiki mbili au tatu, watapaka rangi darasa, watasaidia kujenga choo cha shule, watafundisha Kiingereza, kisha wataelekea Serengeti na kumalizia Zanzibar.

Likizuka suala lao, mabishano huwa makali na mafupi. Huyu atasema acheni wivu, watu wanatusaidia, hicho choo mmekisubiri miaka mingapi? Yule atajibu kwamba ni ukoloni mamboleo, wanakuja kupiga picha na watoto wetu. Kila upande una nusu ya hoja. Tatizo langu ni kwamba wote wawili wanamtazama mgeni peke yake, nia yake na moyo wake, kana kwamba kijiji hakina mwenyewe.

Nianze na wanaopinga, maana ushahidi wao ni mwepesi kuuona. Mwaka 2014 dada mmoja Mmarekani aliandika mtandaoni kuhusu safari yake ya kujitolea Tanzania alipokuwa mwanafunzi wa sekondari. Kila mmoja katika kundi lao la wasichana alikuwa amelipa dola 3,000 hivi. Kazi yao ilikuwa kujenga, na mchana walipanga matofali. Usiku mafundi wenyeji waliyabomoa yale yaliyopinda na kuyapanga upya, wasichana wasijue. Maandishi hayo yalisambaa sana, na ukiyasoma kama Mtanzania, unayemfikiria ni fundi. Yeye anajua kuvuta uzi, kushusha timazi, kuangalia pima maji kabla ya kozi inayofuata. Kazi hiyo moja ameifanya mara mbili na amelazimika kuificha, ili mtu asiyejua kushika mwiko arudi kwao na furaha. Katika kijiji chenye vijana wanaoshinda kijiweni wakisubiri kibarua, kumleta mtu kutoka Ulaya abebe zege ni kichekesho cha gharama kubwa.

Kuna gharama nyingine ambazo hazimo kwenye risiti. Wageni wakifika shuleni, vipindi vinasimama. Watoto wanapangwa mstari, wanaimba, mwalimu mkuu anatoa hotuba, zawadi zinagawiwa. Likija kundi moja kwa mwaka, hakuna neno. Yakija manne katika muhula mmoja, darasa la saba linadaiwa vipindi.

Hata hivyo hoja inayopendwa zaidi na wapinzani, kwamba wangetuma tu hiyo nauli, siinunui. Hizo dola 3,000 hazikuwa zimekaa benki zikisubiri kuchagua kati ya tiketi ya ndege na shule ya kijiji. Mtu alizitafuta ili asafiri. Asipokuja Uru, pale Moshi vijijini, atakwenda Bali, na Uru haitapata kitu. Akija, mwenye nyumba ya wageni, mpishi, dereva na mama wa ndizi sokoni wanaingiza chochote. Wapo pia waliokuja wiki tatu wakiwa na miaka 19 na sasa, wakiwa watu wazima wenye kazi zao, wanasomesha watoto wa watu kimya kimya kila mwaka. Anayewabeza wote kwa mpigo hajawahi kukutana na mzazi ambaye ada ya mwanawe inatoka huko.

Kwa hiyo nia njema haipimi kitu, iwe ipo au haipo. Nadhani kipimo ni nani aliyeiagiza kazi, na mgeni anawajibika kwa nani akiwa hapa.

Historia yetu wenyewe inalionyesha hilo. Mwalimu Nyerere alizoea kusema kwamba nchi ilipopata uhuru ilikuwa na wahandisi wawili na madaktari 12. Ndiyo maana kundi la kwanza la Peace Corps, mpango wa serikali ya Marekani wa kutuma watu wa kujitolea nchi nyingine, lililokuja Tanganyika mwaka 1961 lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, kwa ajili ya kazi za barabara. Walikuja kuziba pengo ambalo serikali ilikuwa imelitaja. Mpango ukaendelea, ukasimama mwaka 1969 katika miaka ile ya Azimio la Arusha na siasa ya kujitegemea, ukarudi 1979. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu sababu za Marekani kuwatuma vijana wake ulimwenguni wakati wa Vita Baridi, mimi ninayo yangu, lakini utaratibu wenyewe ulikuwa na mantiki.

Na mpaka leo utaratibu wao unatofautiana sana na ule wa wiki mbili. Anayekuja kwa mpango huo anakaa na familia ya Kitanzania wakati wa mafunzo, anajifunza Kiswahili, kisha anapelekwa Njombe, Mtwara au Mbeya kwa miaka miwili. Analipwa posho ya kujikimu. Shuleni yuko chini ya mkuu wa shule, na kijijini mtendaji anamjua kwa jina. Akifundisha hesabu au fizikia kwenye sekondari ya kata isiyo na mwalimu wa masomo hayo, haondoi mtu kazini. Wajapani nao wana mpango wa namna hiyo tangu 1965, wa miaka miwili vilevile. Sisemi hao hawakosei. Wapo waliokaa miaka miwili na kuacha bwawa la samaki lililokauka. Lakini mtu wa miaka miwili anayaona makosa yake kwa macho, kwa sababu bado yupo mvua za pili zinaponyesha. Wa wiki mbili hatajua kamwe kwamba paa linavuja.

Hata mfumo huo mzuri una udhaifu wake, na ulionekana Machi 2020. Korona ilipoingia, Peace Corps iliwaondoa watu wake wote duniani, karibu 7,000, kutoka nchi zipatazo 60, ndani ya siku chache. Shule iliyokuwa imemtegemea Mmarekani kwa fizikia ilibaki bila fizikia. Penye mwenyeji aliyefanya naye kazi bega kwa bega, kazi ilikuwa na wa kuipokea.

Maji yanalionyesha jambo hilohilo. Wageni wanapenda sana kuchimba visima, na nawaelewa: unaona maji yakitoka, akina mama wanapiga vigelegele, picha inapendeza. Lakini pampu ya mkono ina mpira ndani yake unaochakaa. Siku ukichakaa, swali ni nani ana spana, kipuri kinauzwa wapi, na fedha ziko kwenye mfuko gani. Tangu 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na kila mradi unatakiwa uwe na jumuiya ya watumiaji maji inayokusanya fedha za uendeshaji. Kisima kilichochimbwa na kikundi cha kanisa kutoka ng'ambo bila kupitia huko ni yatima tangu siku ya uzinduzi. Hakuna fundi aliyekiandika kwenye daftari lake. Huenda mara kumi kufufua bomba bovu kungewafaa zaidi watu wa kijiji hicho, ila nani anasafiri kilomita 10,000 kuja kubadilisha mpira?

Linganisha na majiko. Katika baadhi ya maboma ya Wamaasai wilayani Monduli, wanawake wamefundishwa kujenga jiko la matofali lenye bomba la kutolea moshi nje, badala ya mafiga matatu katikati ya nyumba. Wageni wanaofika huchangia gharama na kusaidia kubeba matofali. Kuanzia hapo mgeni ni saidia fundi tu, na fundi ni mama wa boma. Tofali likikaa vibaya anamwambia. Jiko likipasuka baadaye, anayeitwa anakaa boma la jirani. Mama anayepika bila kukohoa hana haja ya kuuliza nani alibeba matofali. Katika mifano yote ninayoijua huu ndio unaonipa moyo zaidi, na sababu ni kwamba ustadi uko upande wa mwenyeji.

Kwenye makao ya watoto sitapima pande mbili. Watoto wengi wanaoishi humo wana mzazi aliye hai. Kinachowafikisha huko ni umaskini, na wageni wenye fedha wanapoyafuata, makao yanapata sababu ya kujaza vitanda. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mnamo Novemba 2017, na ilifanya vema. Mtu asiye na mafunzo, anayekuja kuwabeba watoto kwa wiki tatu kisha anatoweka, hapaswi kukaribia huko.

Lipo kundi moja ambalo mjadala huu hulisahau. Vijana wetu waliosomea ualimu na uuguzi, ambao bado hawajapata ajira, wanajitolea pia. Nenda shule nyingi za msingi vijijini, utamkuta mwalimu wa kujitolea anayelipwa kutokana na michango iliyopitishwa kwenye kikao cha wazazi, mwezi huu ipo, mwezi ujao haipo. Ana cheti, anajua mtaala, anazungumza lugha ya watoto. Halafu analetwa mgeni wa wiki tatu kufundisha Kiingereza kipindi chake, na yeye anaambiwa akae nyuma ya darasa atafsiri. Kampuni iliyomleta mgeni imelipwa. Mwalimu hajalipwa.

Hapo ndipo ningeanzia kurekebisha, na hatuhitaji ruhusa ya mtu wa Ulaya. Mgeni wa kujitolea anahitaji kibali cha ukaazi, daraja C, na mwenyeji wake hapa nchini anajulikana. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kijiji kina mpango wake wa maendeleo, umebandikwa ofisini au umefungiwa kabatini, na ndani yake mahitaji yameorodheshwa tayari. Kampuni inayotaka kuleta watu ije mkutanoni, ichague kazi kutoka kwenye mpango huo, itaje mwenyeji atakayelipwa kufanya kazi pamoja na mgeni. Na mtendaji anaposoma taarifa ya mapato na matumizi, na ya kampuni isomwe: mgeni amelipa kiasi gani, na kilichobaki hapa kijijini ni shilingi ngapi.