Kabla hujaitupa hiyo laptopu, ifungue

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu nyingi zinazoletwa mezani kwangu hazina ugonjwa wowote. Siku hiyo Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo ulioanza kutumika Julai 2015, na watu wakaanza kuambiwa na mashine zao wenyewe kwamba hazikidhi vigezo vya Windows 11. Ujumbe huo ukimfikia mtu asiyejua kilichomo ndani ya kompyuta yake, anaelewa jambo moja tu: imekwisha, kanunue nyingine. Hapo ndipo ninapokataa, na nitaendelea kukataa mbele ya yeyote atakayenisikiliza, kwa sababu mashine hizo nimezifungua na najua zilivyo.

Sina duka. Kompyuta nazifungua jioni nikitoka kazini, kwa mapenzi tu, na majirani wameshazoea kuniita fundi.

Chukua ThinkPad mbili, laptopu za kampuni ya Lenovo, ambazo si shida kuzipata kwenye maduka ya kompyuta za mtumba Kariakoo: T470 ya 2017 na T480 ya 2018. Ziweke pamoja zikiwa zimefungwa, utalazimika kusogeza macho usome maandishi madogo ili ujue ipi ni ipi. Zote zina nafasi mbili za kuchomeka RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta inafanyia kazi. Zote zina betri ya nyuma inayochomoka kwa vidole, bila bisibisi. Lakini T470 inakuja na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Intel ya kizazi cha 6 au cha 7, na Windows 11, ukiacha prosesa chache mno, inaanzia kizazi cha 8. Kile kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho ndicho watu wanachokisikia zaidi, T470 inacho. Kinachoikwamisha ni prosesa. Basi moja inaambiwa endelea, nyingine inaambiwa kaa pembeni.

Tofauti ya kweli kati yao ipo, sitaificha. Prosesa nyingi za T480 zina viini vinne badala ya viwili, na anayehariri video ataiona mara moja. Mwalimu anayeandaa mitihani, mwenye duka anayeandika mauzo, mwanafunzi anayesoma makala na kuandika tasnifu, hao hawataiona. Sasa kwa nini watu hawa wote watolewe kwenye mashine zao kwa siku moja?

Jirani yangu mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi. Alinifikishia laptopu yake imefungwa kwenye kanga.

"Mwanangu, chukua vipuli unavyovitaka. Wameniambia hii ni ya kutupa."

"Hapana, mwalimu. Ngoja tuifungue kwanza."

Kava la chini lilipotoka, feni ilikuwa haionekani. Vumbi lilikuwa limejikusanya mbele ya yale mapezi ya shaba yanayotoa joto, limeshikana kama sufi ya mto wa kulalia, hewa haina pa kupita. Prosesa isipopoa inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Mwenye nayo haoni joto, anaona uzito: unabofya, unasubiri, kipanya kinaganda. Brashi laini, feni ishikwe kwa kidole isizunguke ovyo wakati wa kupuliza, ile gundi kavu ya joto juu ya prosesa ifutwe kwa spiriti na nyingine ipakwe kidogo, kiasi cha punje ya mchele. Hakuna kilichonunuliwa hapo zaidi ya kijitubu cha gundi. Anayetoka Dodoma au Singida analeta vumbi jekundu, wa Pwani analeta vumbi pamoja na kutu ya chumvi kwenye matundu ya USB. Kazi ni ileile.

Kisha diski. Laptopu nyingi za umri huo zina diski ya kuzunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na ndani yake kuna mkono mdogo unaokimbia huku na huko kutafuta faili. Windows 10 ikiwaka inataka maelfu ya faili ndogondogo kwa wakati mmoja, na mkono ule ni mmoja. Ndiyo maana ukifungua Task Manager, ile orodha ya programu zinazoendelea, unaona diski imefika asilimia 100 wakati prosesa imekaa tu, haina la kufanya. Ukitoa diski hiyo ukachomeka SSD ya inchi 2.5, diski isiyo na kitu kinachozunguka, mkono haupo tena, na hapo ndipo mtu anapokuuliza kama umembadilishia kompyuta. Nikipewa hela ya kitu kimoja tu cha kuongeza kwenye mashine ya zamani, nanunua SSD. RAM inafuata, hasa kama ilikuwa na GB 4, maana kivinjari peke yake siku hizi kinazimaliza.

Na kuna kile kibetri cha sarafu, CR2032, kilicholala kwenye bodi kuu. Nakitaja kwa sababu kimezifanya mashine nyingi nzima zionekane zimekufa. Kazi yake ni kuishikia kompyuta saa na tarehe ikiwa imezimwa na haina umeme. Kikiisha, kila ukiwasha, mashine inaamini tupo miaka mingi nyuma. Halafu unafungua tovuti, kivinjari kinakwambia muunganisho si salama, kinakataa. Barua pepe inakataa. Watu wanasema ni virusi, wanapigiwa Windows upya, inakuwa sawa hadi siku inapozimwa, kesho yake shida imerudi. Kumbe ni vyeti vya usalama vya tovuti, ambavyo vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta iliyopotea mwaka inaviona bado havijaanza kutumika. Kibetri hicho kinauzwa hata kwenye maduka ya saa.

Tukishamaliza ndani ya kava ndipo tunarudi kwenye lile swali la mfumo. Microsoft imetoa mwaka mmoja wa nyongeza wa masasisho ya usalama ya Windows 10, hadi Oktoba 2026, kwa anayejiandikisha. Mwenye kazi inayotegemea programu ya Windows pekee, namshauri ajiandikishe leo, apate muda wa kujipanga. Lakini nimeona wengi wanakwenda njia nyingine, ile ya kupigiwa Windows mtaani na kuamshiwa kwa kiprogramu kisicho na leseni. Hapa nasema bila kuzunguka: acheni. Vingi vya viprogramu hivyo sharti lake la kwanza ni uzime kinga ya virusi. Mtu anayekuomba uzime taa kabla hajaingia ndani umwogope. Kwenye mashine hiyohiyo unaingia benki kwa mtandao, unahifadhi vyeti vya watoto, unaandika nywila ya barua pepe.

Ninachokipenda mimi, na ninachowawekea watu wakikubali, ni Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo wake kwa kujifurahisha. Leo kiini cha mfumo huo ndicho kinachoendesha simu zote za Android, pengine hata hiyo uliyoishika. Kwa laptopu ya kawaida naweka aina yake iitwayo Linux Mint. Inaridhika na GB 4 za RAM, na menyu yake iko chini kushoto, pale pale ambapo mkono wa mtu wa Windows umezoea kwenda. Kabla ya kusakinisha naiwasha kutoka kwenye flashi, diski haiguswi. Mwenyewe anakaa, anajaribu Wi-Fi, anajaribu printa, anacheza video. Asipopenda, nachomoa flashi, tunarudi tulikokuwa.

Kwa nchi ya watu wanaonunua bando, kuna jambo jingine lisilosemwa vya kutosha. Faili la Mint ni karibu GB 3. Ukishalishusha mara moja, usiku bando likiwa nafuu, unaruhusiwa kulinakili na kumpa jirani, naye ampe shemeji yake Morogoro, na hakuna aliyemwibia mtu. Leseni yenyewe inawaruhusu. Nikifikiria mitaa yetu ilivyozoea kugawiana kila kitu kwa flashi, naona mfumo huu unatufaa kuliko unavyowafaa hao walioutengeneza.

Lugha nayo haikuanza kufikiriwa jana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. LibreOffice ya leo, mrithi wa OpenOffice, bado ina kikagua tahajia cha Kiswahili, na mimi nakiwasha kila mashine ninayomkabidhi mwalimu, maana ile mistari myekundu chini ya kila neno la mtihani wa Kiswahili inachosha macho na inamfundisha mtoto kwamba lugha yake ni kosa.

Linux haimfai kila mtu. Mchoraji wa majengo anayeishi kwa AutoCAD abaki Windows. Ofisi yenye programu ya hesabu iliyonunuliwa kwa ajili ya Windows, ibaki. Kuna printa ambazo zitakusumbua, na vitambua alama za vidole ambavyo havitafanya kazi kabisa. Mashine nyingine kweli zimefika mwisho: Debian, aina nyingine ya Linux ambayo ni mvumilivu kuliko mifumo mingi, toleo lake la 13 la Agosti 2025 halisakinishwi tena kwenye zile prosesa za kale za Intel na AMD za biti 32. Sitamshauri mtu atie hela ya SSD kwenye kompyuta ya namna hiyo. Ila T470, au T430, au Latitude za Dell na EliteBook za HP za rika hilo? Zina miaka ya kazi mbele yake.

Nazitaja kwa majina kwa sababu zinakuja nyingi. Ofisi za Ulaya na Marekani zinabadilisha mashine, na zilizotolewa zinapakiwa kontena, zinapita Dubai au zinakuja moja kwa moja, zinashuka bandarini kwetu na Mombasa. Dunia ilizalisha taka za vifaa vya umeme tani milioni 62 mwaka 2022, na chini ya robo ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa. Mashine hizi zikitukuta tuna maarifa, ni neema ya bei nafuu. Zikitukuta hatuna, ni dampo limehamishiwa kwetu, tena dampo tulilolilipia.

Anayekwenda kununua basi, aende na macho. Iwashe dukani, na kama ni ThinkPad bonyeza F1 uingie kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine. Nyingine zimekuja na nywila iliyoachwa na ofisi ya zamani, na hiyo ni kesi usiyoitaka. Kama ina Windows, fungua ile skrini nyeusi ya amri, andika powercfg /batteryreport, kisha kwenye ripoti itakayotoka linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Kasoro ya betri inavumilika, lakini ishushe bei. Kisha igeuze. Ukiona skrubu za kawaida na kava linalofunguka, ni mashine ya kuzeeka nayo. Laptopu nyembamba za siku hizi nyingi zimechomelewa RAM kwenye bodi, unanunua GB 8 na utazikwa na GB 8. Watengenezaji wanasema wembamba ndio tunaoutaka. Sijawahi kumsikia mzazi wa mwanafunzi akiuomba wembamba. Mzazi anaomba kitu kitakachofika mwaka wa nne wa chuo.

Ile ya mwalimu iliondoka hapa na SSD, RAM GB 8 iliyotolewa kwenye laptopu iliyopasuka bodi, na Mint. Hivi sasa nina mpango na shule yake. Kuna programu ya bure inaitwa Kiwix. Inabeba Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya faili moja, isomeke pasipo intaneti. Mashine moja ya zamani ikiwa nayo, ikaunganishwa na kisambaza Wi-Fi cha bei rahisi, watoto wanaweza kuifungua kwa simu na tableti zozote zilizopo darasani, bila senti ya bando. Betri ya laptopu itaibeba umeme ukikatika, na kazi hiyo haihitaji skrini. Kwa hiyo ukiwa Dar na una laptopu iliyovunjika kioo lakini bodi yake inawaka, hata ya kizazi cha 4, usiiuze kwa kilo. Naihitaji kabla shule hazijafunguliwa.